Namna ya kumwelezea nzi mdogo ambaye bado hana jina

Swali la jina liache kwanza. Anza kwa kuuliza kama nzi huyo hana jina tayari, maana hapo ndipo sehemu kubwa ya kazi ilipo, na ndipo wengi hukosa subira. Mimi nashughulika na familia ya Phoridae, nzi wa milimita moja hadi tatu wenye mgongo ulionyanyuka, wanaopenda kukimbia huku na huko kuliko kuruka. Jenasi ya Megaselia, kundi moja tu ndani ya familia hiyo, ina spishi zaidi ya 1,500 zilizokwisha kuelezewa na kupewa majina kwenye makala za kisayansi. Ukiokota nzi mweusi kwenye mtego msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, usidhani ni mpya kwa sababu tu hujawahi kumwona.

Kibali cha utafiti kitangulie mtego. Kenya utapitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwenye hifadhi KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Jarida la kisayansi la maana litakuuliza habari za kibali, na makumbusho pia.

Nzi wakishaingia kwenye chupa, wahifadhi kwa ethanoli: asilimia 70 au 80 inatosha kwa kuangalia umbo, lakini ukitaka DNA tumia 95. Tia lebo ndani ya chupa siku hiyohiyo, kwa penseli au wino usioyeyuka: nchi, kaunti, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, aina ya mtego, tarehe, jina la aliyekusanya. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 12.iv.2019, kwa sababu Mmarekani akiona 12/4 atasoma Desemba. Nzi asiye na lebo hana thamani kwangu, hata awe wa ajabu namna gani.

Sasa keti na hadubini. Tumia ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali kuhusu sifa za nzi, ufikie jenasi, kisha kusanya maelezo ya kila spishi ya jenasi hiyo inayojulikana Afrika, yakiwemo ya miaka ya 1920 yenye mistari mitatu tu. Maelezo yasipotosha, omba kuona vielelezo vyenyewe, yaani wale nzi walioelezewa. Vingi vya kwetu viko kwenye makumbusho za London na Tervuren, Ubelgiji. Ukiandika kwa adabu na kusema wazi unataka kuona nini, msimamizi anaweza kukutumia picha.

Usione hilo ni urasimu. Mwaka 2003 nzi wa matunda asiyejulikana alionekana Kenya akiharibu maembe. Mwaka 2005 alielezewa kama spishi mpya, Bactrocera invadens. Mwaka 2015, baada ya kulinganisha umbo, DNA na tabia ya kupandana, watafiti walihitimisha kwamba ni Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyekwisha kujulikana tangu zamani. Walioelezea walikuwa wataalamu, na kundi lile ni gumu kweli. Lakini jina kama hilo huingia kwenye masharti ya karantini, na mkulima wa embe huguswa nalo.

Kwa nzi wadogo, jibu mara nyingi liko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Kwanza ng'oa mguu mmoja wa kulia kwa ajili ya DNA, upande wa kushoto ubaki mzima. Kata ncha ya tumbo kwa sindano nyembamba, uitumbukize kwenye potasiamu haidroksidi ya asilimia 10, uiache usiku kucha. Asubuhi nyama imeyeyuka, limebaki gamba la rangi ya asali. Lisuuze kwa maji yenye tone la asidi ya asetiki, kisha lilaze kwenye gliserini. Ligeuze taratibu: upande wa kushoto mara nyingi haufanani na wa kulia. Hesabu nywele, pima, chora. Picha ni nzuri, ila mchoro ndio unaokulazimisha kuamua kila mstari unaanzia wapi. Ukimaliza, kitie kipande hicho kwenye kichupa kidogo chenye gliserini, na ukishamkausha nzi na kumtia kwenye pini, kichupa hicho ukichome kwenye pini hiyohiyo. Visitengane kamwe.

Kuandika, fuata mpangilio uleule kwa kila spishi: kichwa, kifua, miguu, mabawa, tumbo. Pima nzi kadhaa, dume peke yake na jike peke yake. Epuka "mkubwa kiasi", andika milimita. Kisha weka aya fupi inayosema kinachomtofautisha na jamaa zake wa karibu, ukiwataja kwa majina. Aya hiyo ndiyo nafsi ya makala, na Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinaidai. Zinadai pia uteue holotaipu, nzi mmoja anayebeba jina, na useme atahifadhiwa makumbusho gani. Makala ikitoka mtandaoni tu, iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama, na namba ionekane ndani yake.

Jina sasa. Kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia ya jenasi: Megaselia ni ya kike, kwa hiyo "mweusi" ni nigra, si niger. Ukimuenzi mwanamume mmalizie kwa -i, mwanamke kwa -ae. Nomino ya Kiswahili inakubalika na haibadiliki, nami napenda sana tuzitumie. Jina lako mwenyewe usilitumie, si ustaarabu.

Holotaipu mpe lebo nyekundu. Wa nchi hii naona abaki Makumbusho ya Taifa Nairobi, ili mwanafunzi wetu asihitaji viza kumwona. Parataipu, yaani nzi wengine uliowatumia kuelezea spishi hiyo, wagawe kwenye makumbusho nyingine mbili au tatu: moto wa Rio de Janeiro, Septemba 2018, uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wa wadudu wa makumbusho ya taifa ya Brazili. Kila unayemtuma, mtume na lebo zake zote, na kwenye makala taja yuko wapi.