Kuku mgonjwa, wiki tatu za likizo: kwa anayerudi Nairobi

Baridi ya Julai ilinikuta Kahawa West na kuku mikononi. Jirani alikuwa akiuza kuku wake wa mayai waliochoka kutaga, na mmoja akabaki kwenye kona ya banda kwa sababu hakuweza kusimama. Nilimchukua kwa shilingi 200. Mama alimtazama akasema, "Huyu hafiki asubuhi, mwanangu." Nakuandikia wewe uliyekuja likizo kutoka ng'ambo, hujawahi kufuga, na umejikuta na kiumbe kama huyo.

Joto kwanza. Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na akiugua hana nguvu ya kulitunza. Mtie kwenye katoni yenye matundu, tandika maranda au matambara. Jaza chupa maji moto, izungushie leso, uilaze upande mmoja tu ili akizidiwa ajisogeze. Usimwekee jiko la makaa. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala haionekani. Inaua watu waliolala, sembuse ndege. Katoni ikae penye utulivu, mbali na kuku wengine wa nyumbani.

Kisha maji: lita moja iliyochemshwa ikapoa, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hayo ni ya siku ya kwanza, halafu umpe maji ya kawaida. Usimpanue mdomo ukammiminia, kwani tundu lake la kupumulia liko pale pale nyuma ya ulimi na maji yataishia mapafuni. Chovya ncha ya mdomo kwenye kijiko, usubiri. Wangu alitulia tuli. Kope ya chini ikapanda polepole ikafunika jicho, maana kuku hufumba kutoka chini kwenda juu, nami nikadhani ndiyo kwaheri. Mara koo likacheza, akainua kichwa, akameza.

Akishapata joto, mkague. Mfupa wa kidari ukikusimamia kiganjani kama makali ya kisu, amekonda sana. Papasa kifuko cha chakula chini ya shingo: asubuhi kabla hajala kinapaswa kuwa kitupu, na kikiwa kigumu ujue chakula hakishuki. Pekua manyoya chini ya mkia na mabawa utafute utitiri na chawa. Tazama na mdomo. Wa huyu ulikuwa umekatwa ncha, kama wafanyiwavyo kuku wengi wa mayai ili wasidonoane, kwa hiyo punje za sakafuni zilimshinda. Nilimlowekea chakula cha kuku wa mayai kwenye bakuli lenye kina, nikaponda na yai la kuchemsha. Sukuma wiki ilikuja baadaye. Parachichi usimpe hata kama yamejaa uani. Ni sumu kwa ndege.

Kuhusu dawa nakusihi usikimbilie. Siku ya pili nilienda duka moja la dawa za mifugo, na kabla sijamaliza kueleza, muuzaji alikuwa ameshaweka pakiti ya antibayotiki mezani. Sikuichukua. Kideri, kwa mfano, ni ugonjwa wa virusi: kina chanjo lakini hakina tiba, na antibayotiki haikigusi. Ukiona shingo inapinda, mabawa yamelegea, anahema mdomo wazi na anaharisha kijani, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Kinyesi cha kijani peke yake kinaweza kuwa njaa tu. Daktari awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiko Upper Kabete. Akiandikiwa dawa, uliza mayai yake yasiliwe kwa siku ngapi. Na kama anateseka na hana njia ya kupona, mwombe daktari ampumzishe. Huko nako ni kumtunza.

Nawa kwa sabuni kila umgusapo. Mpime kwenye mizani kila asubuhi, kwa sababu kuku huficha ugonjwa na uzito hausemi uongo. Wangu alianza na kilo 1.3. Siku ya nne alisimama, akayumba, akaketi tena.

Sasa hesabu siku. Kuku mgeni hutengwa siku 30 hivi kabla ya kuchanganywa na wenzake, na wewe utakuwa umesharuka. Zungumza mapema na anayebaki, umtumie pesa za chakula na za daktari kwa M-Pesa bila kungoja akuombe. Viatu vya bandani visafishe kabla ya safari, na usibebe yai wala unyoya. Ukitamani kufuga huko uliko, uliza sheria kwanza: England, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hata kuku mmoja lazima asajiliwe.

Usiku wa kuondoka niliandika karatasi nikaibandika mlango wa jikoni: namba ya daktari, uzito wa kila siku, kipimo cha chakula. Asubuhi nikivuta sanduku nilikuta mama ameongeza mstari kwa kalamu yake: "Asichinjwe."