Ukipigwa Chini Kwenye Usaili Ughaibuni: Jibu la Kutuma Kesho Yake

Ujumbe ulinikuta Mwaloni, Kirumba. Nilikuwa nimerudi Mwanza likizo ya wiki tatu, na asubuhi ile nilimsindikiza mama kuuza dagaa. Simu ikatetema mfukoni: asante kwa kushiriki usaili, tunasikitika kukujulisha. Kazi ile ya Birmingham nilikuwa nimeisubiri siku kumi na moja. Nikakaa juu ya gunia.

Pembeni yangu mnunuzi kutoka Kongo alikuwa amezamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia la mama. Akatoa konzi kutoka chini kabisa, akaisugua kiganjani, akawarudisha dagaa na kumwonyesha mama kilichobaki: chembe za mchanga zinametameta juani. "Hapana mama, iko na muchanga." Nilijua mama atabisha, kwa maana gharama za kuwaanika zilikuwa zimeshamtoka. Hakubisha. "Sawa, baba. Ni mchanga tu, au kuna na jingine?" Yule baba akarudisha mkono guniani. Wa juu wamekauka, akasema, wa chini wana unyevu, hadi wafike Goma watakuwa wameota ukungu. "Wabeja, baba," mama akamshukuru kwa Kisukuma, wakaagana vizuri. Giza lililofuata, mbalamwezi ilipokwisha na wavuvi wakarudi ziwani, dagaa wa mama walianikwa juu ya chanja kule Igombe na mchanga hawakuugusa.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimejibu barua kama hiyo kwa namna nyingine. Niliandika saa tano usiku, kurasa mbili. Nikaeleza shahada zangu, nikaeleza miaka niliyobeba maboksi nikisubiri nafasi ya fani yangu, nikamalizia kwa kusema najua mlishakuwa na mtu wenu. Haikujibiwa. Na hata kama lile la mwisho lilikuwa kweli, mimi ndiye niliyeufunga mlango ule kwa mkono wangu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyalipia.

Kwanza, usijibu siku ileile. Hasira na aibu vyote vinaandika haraka. Acha ulale, jibu kesho yake au kesho kutwa, ndani ya saa za kazi za huko. Kama uko nyumbani likizo, kumbuka kupiga hesabu: saa sita mchana Mwanza ni saa tatu asubuhi London wakati wa baridi, na saa nne wakati wa kiangazi. Huo ni wakati mzuri. Usiku huo mwambie mtu mmoja unayemwamini, basi. Ukilitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo utapokea pole arobaini na ushauri wa kuwashitaki, na asubuhi utaandika ukiwa umebeba hasira za watu arobaini.

Je, kila barua ya kukataliwa inahitaji jibu? Hapana. Kama uliachwa kwenye mchujo wa kwanza, hukuongea na mtu, na barua imetoka kwenye mtambo unaosema usijibu anwani hii, iache, omba kwingine. Jibu pale tu ulipokaa na binadamu akakuuliza maswali. Huyo alitenga muda wake kwa ajili yako, na jina lako bado analikumbuka kwa wiki chache. Mwandikie yeye, kwenye anwani ile mliyopangia usaili.

Barua yenyewe iwe fupi, sentensi tano au sita zinatosha. Utaiandika kwa lugha ya huko. Kwa Kiswahili maana yake ni hii:

"Asante kwa kunijulisha, na asante kwa saa nzima mliyonipa Jumanne iliyopita. Nilivutiwa na mlivyoeleza mpango wa kuanzisha zamu za usiku. Nilikuwa naitaka nafasi hii, hivyo nimesikitika, lakini uamuzi wenu nimeupokea. Nina swali moja: kati ya majibu yangu, ni lipi lililopungua zaidi kwa kazi hii? Ikitokea nafasi nyingine kwenye idara yenu, naomba mnikumbuke. Kazi njema."

Tazama sentensi ya pili. Inataja kitu walichokisema wao, na ndiyo inayomfanya msomaji akuone tena mezani. Ukiandika tu kwamba uliifurahia fursa, barua yako inakuwa sawa na mia nyingine. Tazama pia kwamba masikitiko yametajwa mara moja na kuachwa hapo. Huna haja ya kujifanya huumii.

Kuna kitu kimoja tunachokosea sana sisi tuliolelewa na Kiswahili cha adabu. Tunaandika kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba radhi kwa usumbufu, tunasihi tufikiriwe tena kwa jicho la huruma. Nyumbani mtu anayeandika hivyo ana heshima zake. Ukiupeleka unyenyekevu huohuo kwenye Kiingereza au Kijerumani, msomaji anasikia mtu anayeomba msaada, na msaada hautolewi kwa njia ya ajira. Asante iliyonyooka ndiyo adabu ya huko.

Sasa swali. Ukiuliza kwa nini hamkunichukua, unamlazimisha mtu ajitetee, naye atajificha nyuma ya maneno ya jumla: ushindani ulikuwa mkubwa. Uliza la mama: ni mchanga tu, au kuna na jingine? Yaani uliza jambo moja dogo linaloweza kujibiwa kwa mstari mmoja. Mimi niliuliza hivyo, nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumbani Igoma, na jibu likaja baada ya siku nne. Yule mama aliyenisaili aliandika kwamba kila aliponiuliza nilifanya nini, nilijibu "tulifanya". Tulipanga, tulisimamia, tulipunguza gharama. Mwisho wa usaili hakuweza kujua kazi ipi ilikuwa yangu na ipi ya wenzangu.

Niliisoma sentensi ile mara tatu. Nimekua nikifundishwa kwamba anayejisifu mwenyewe mbele ya watu wazima amekosa malezi, na "sisi" ndiyo nguo tunayomvalisha mtu aliyefanya kazi peke yake ili asionekane ana majivuno. Mchanga wangu ulikuwa huo, na nisingeuona maishani bila mtu kunionyesha kiganja chake. Kazi ile sikuipata. Nyingine niliipata Februari, kwingine kabisa, na kabla ya usaili nilikaa jikoni jioni tatu nikizoeza mdomo wangu kusema nilifanya, nilipanga, nilisimamia.

Usipojibiwa, usikumbushe zaidi ya mara moja. Na usiuchukue ukimya kuwa ni dharau, kwa sababu nchi zinatofautiana. Ujerumani, tangu sheria ya usawa ya mwaka 2006, waajiri wengi wanaogopa kuandika sababu yoyote, maana neno moja linaweza kuwapeleka mahakamani. Huko kupiga simu ya dakika tano kunaweza kukupa kisichoandikwa. Uingereza, kwenye kazi za serikali, majibu ya usaili hupewa alama, na unaweza kuuliza alama zako. Aliyefaulu lakini akazidiwa anaweza kuwekwa kwenye orodha ya akiba, mara nyingi kwa miezi 12. Ukiwa kwenye orodha hiyo, jibu lako la heshima lina thamani ya fedha. Mtu wa kwanza hughairi, hupata kwingine, hushindwa kuhama. Katika jimbo la Ontario, Kanada, tangu Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi anatakiwa kumjulisha aliyesailiwa kama uamuzi umeshafanyika, ndani ya siku 45 baada ya usaili wa mwisho, na tangazo la kazi haliruhusiwi tena kudai uzoefu wa Kanada. Wanaotoka kwetu wamekwazwa na sharti hilo miaka mingi.

Kisha kuna kukataliwa ambako dagaa wako hawana kosa, mizani ndiyo iliyobadilishwa. Uingereza, kuanzia Julai 22, 2025, kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka, na siku hiyohiyo mlango wa kuajiri wahudumu wapya wa wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo ulifungwa. Kama unahitaji udhamini wa viza, swali lako moja liwe hilo: je, ni majibu yangu au ni udhamini? Wakisema ni udhamini, usipoteze mwezi mzima ukirekebisha wasifu ambao hauna tatizo. Tafuta waajiri wenye leseni ya kudhamini na nafasi zinazolipa kiwango hicho.

Na ukiamini umebaguliwa kwa rangi, dini, mimba au asili yako, hilo usilichanganye na barua ya asante. Lina njia yake na lina saa inayokimbia. Ujerumani, muda wa kudai fidia kwa maandishi kwa kawaida ni miezi 2 tangu upokee barua ya kukataliwa. Marekani, malalamiko kwenye EEOC, tume ya serikali kuu ya usawa kazini, ni ndani ya siku 180, au 300 kutegemea jimbo. Uingereza lazima upitie Acas, taasisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwanza kabla ya kufika baraza la kesi za kazi. Hifadhi tangazo la kazi, barua zote na tarehe, na muone mwanasheria au chama cha wafanyakazi wiki hiyohiyo, hata kama bado unasitasita.

Wapo wanaosoma hapa ambao barua haikutoka ughaibuni. Wameomba kazi Mwanza wakiwa nje, wanataka kurudi. Kwa hao karibu kila nilichosema kinageuka.

Kwanza, huenda usipate barua kabisa. Mtu wa kwetu anaona ugumu kukutamkia hapana. Atasema bado tunalifanyia kazi, tutakupigia, na zikipita wiki sita ujue hilo ndilo jibu. Kwenye ajira za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira mambo yako wazi zaidi: majina hutangazwa, na waliofaulu usaili lakini nafasi zikajaa huingizwa kwenye kanzidata, wakaweza kupangiwa kazi nafasi zikitokea. Kwa hiyo kutoliona jina lako kwenye tangazo la kwanza si lazima uwe mwisho. Usibadilishe namba ya simu.

Kwenye taasisi binafsi, kampuni ya samaki au shule, ile barua ya sentensi tano inaonekana baridi, kama mtu aliyenuna. Piga simu. Shikamoo kwa aliyekuzidi umri, uliza habari za familia na za kazi, kisha ndipo useme: nilitaka kushukuru kwa nafasi mliyonipa, na kama kuna la kunielekeza nitalipokea. Usianze na kwetu Toronto tunafanya hivi. Wengi wanaorudi wanaachwa kwa sababu waajiri wanaogopa mambo mawili, kwamba watadai mshahara wa huko na kwamba hawatakaa. Ukipata nafasi, yajibu yote mawili bila kuulizwa: taja mshahara unaoweza kuupokea, na taja mwezi utakaohamia. Ukija likizo, pita ofisini kusalimia.

Mpigie Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Kwa aliye Toronto wakati wa kiangazi, hiyo ni saa tisa usiku. Weka alamu.