Jinsi ya kumtumia mtu wimbo mpaka ausikilize

Mwaka juzi binamu yangu aliyeko Muscat aliniomba nimtumie "ule muziki wako wa mashine", yaani wa elektroniki. Nilifurahi mno, usiku huohuo nikamtumia nyimbo 14. Wiki tatu zikapita hajafungua hata mmoja, na sikumlaumu. Mtu katoka kazini saa nne usiku, anakuta linki 14 zimepangana, anaona kama kaongezewa zamu. Tangu siku ile namtumia mmoja tu, kila Ijumaa jioni, na huo mmoja tunaujadili hadi Jumamosi.

Anza na mtu, wimbo utafuata. Mtaani kwetu hapa Arusha kuna fundi cherehani, mzee wa Murang'a, ambaye hataki kabisa kusikia habari za kompyuta kwenye muziki. Mimi nilitaka asikie Peel, albamu ya mwaka 2020 ya KMRU wa Nairobi. Haina ngoma wala mwimbaji. Ni sauti za mahali mbalimbali zilizorekodiwa, zikatandazwa taratibu kama ukungu wa asubuhi. Ningempa hivihivi angezima kabla ya dakika moja. Nikamwambia kwanza kwamba kijana huyu ni mjukuu wa Joseph Kamaru, yule mwimbaji mkubwa wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na kwamba yeye ndiye anayezitoa upya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao. Mzee akatoa mguu kwenye pedali. Tulisikiliza za babu kwanza, ndipo tukaingia kwa mjukuu. Alikaa kimya ameinamisha kichwa, kisha akasema: "Hii ni mvua ya juu ya mabati, kabla haijachanganya." Ningeandika kurasa tatu nisingefika hapo.

Kwa hiyo juu ya linki andika mistari miwili: nani kaufanya na wapi, halafu sikio lishike nini. "Hii kali, skiza" haimsaidii mtu. Rafiki yangu mmoja aliiona singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, kuwa kelele za vigodoro tu. Nilimtumia mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, nikaandika: "Hizi zimetoka studio ya Sisso, Mburahati. Spidi inapita mapigo 200 kwa dakika, kwa hiyo usihangaike kuifukuza ngoma. Shika kale kasauti kanakojirudia huku juu, ngoma itakufuata yenyewe." Alinipigia usiku uleule. Mkusanyiko wa namna hiyo ni mlango mzuri kwa mgeni, maana maprodyuza ni wengi. Asipompenda huyu atampenda anayefuata.

Tuma linki, usitume faili. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kutumiwa wimbo kwa WhatsApp ukafika na jina la AUD, tarehe, na namba. Nikaupenda kupita kiasi, na mwaka mzima sikujua ni wa nani. Aliyenitumia naye alikuwa ametumiwa. Msanii hapati jina, hapati na senti. Linki inabeba vyote viwili. Kama wimbo upo Bandcamp, tuma wa huko: wao huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na tangu Machi 2020 wamekuwa wakitenga baadhi ya Ijumaa ambazo hawachukui fungu lao. Mimi ununuzi wangu nausubirisha hadi Ijumaa hizo.

Ukishabandika linki, usibonyeze kutuma papo hapo. Subiri sekunde chache picha na jina la wimbo vitokee, maana linki tupu inafanana na matapeli na watu wanaiogopa.

Kama wimbo una utangulizi mrefu, na muziki huu wa elektroniki unao sana, mfungulie mtu pale penyewe. Kwa YouTube, chukua linki uangalie kama ndani yake kuna alama ya kuuliza. Ikiwemo, ongeza mwishoni &t=75; isipokuwemo, andika ?t=75. Hiyo 75 ni sekunde, yaani video itaanzia dakika moja na robo. Akipapenda atarudi mwanzo mwenyewe.

Mwambie pia avae hedifoni. Spika ya simu haina nafasi ya kutoa besi ya chini, na nyimbo nyingi za aina hii uti wa mgongo wake uko hukohuko. Bila besi atakuhukumu kwa nusu ya wimbo.

Video nazitenga, kwa sababu zinakula bando. Kama picha haiongezi kitu, natuma sauti tu. Ila zipo zisizotenganishika. Ha-He ya Just a Band wa Nairobi, ya mwaka 2010, ukiisikia bila kumwona Makmende, mhusika mkuu wa video yake, akitembea kama shujaa wa filamu za miaka ya sabini, umekosa sababu ya Wakenya kumgeuza gumzo la intaneti. Za namna hiyo naandika dakika zake na kumwambia asubiri apate Wi-Fi, au ashushe ubora hadi 360.

Baada ya hapo nyamaza. Usimuulize "umesikiliza?" ndani ya saa moja. Na akikutumia wa kwake, usikilize wote, hata kama si aina yako, umwambie ulichokisikia.

Ijumaa iliyopita mimi ndiye niliyetumiwa. Binamu yangu alikuwa amesubiri picha itokee, ameweka sekunde, na juu yake ameandika: "Dada, vaa hedifoni. Anzia hapa, sikiliza pumzi yake kabla biti haijaangukia."