Mshipa umezibwa, damu bado imo: kumchunga mgonjwa hadi siku ya 14

Aneurizimu (uvimbe wa ukuta wa mshipa wa damu) iliyopasuka ubongoni ikishazibwa kwa klipu (kibanio cha chuma) au koili (uzi wa chuma unaojazwa ndani yake), ndugu hushusha pumzi. Wodini ndipo kazi inapoanza, kwa sababu damu iliyomwagika bado imezizunguka ateri zilizo juu ya ubongo.

Seli nyekundu zilizoganda humo huchukua siku kadhaa kupasuka. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ikiwa ndani ya seli haina neno. Ikitoka, hupenya ukuta wa ateri kutokea nje na kuinyakua nitriki oksaidi, gesi inayoufanya mshipa ulegee. Ateri hukaza. Endothelini, kemikali ya mwili inayokaza mishipa, nayo huongezeka, ikazidi kuibana. Himu, sehemu ya himoglobini yenye chuma, ikivunjika huacha chuma, na chuma hicho huchochea molekuli za oksijeni zinazoharibu utando wa seli. Kwenye damu ya kawaida haptoglobini ingeidaka himoglobini huru mapema. Kwenye maji ya ubongo protini hiyo ni haba mno, na hujaa upesi.

Ndiyo maana hatari ya ateri kukaza na ubongo kukosa damu haiji siku ya kwanza. Huanza siku ya 3 au 4, hukolea kati ya siku ya 7 na ya 10, kisha hupungua baada ya ile ya 14. Andika tarehe ya kuvuja juu kabisa ya chati, nayo ni siku kichwa kilipouma ghafla, si siku ya kulazwa. Aliyeletwa kwa rufaa baada ya siku tano yuko karibu na kilele hata kama kwenu ni mgeni wa leo.

Nimodipini, dawa ya kuukinga ubongo na madhara hayo: mg 60 kwa mdomo kila saa 4, kwa siku 21. Hiyo ni vidonge 12 vya mg 30 kwa siku, na dozi ya usiku wa manane ni dozi kama nyingine: mwamshe. Presha ikishuka kila akinywa, daktari anaweza kuigawa iwe mg 30 kila saa 2. Asiyeweza kumeza apewe kwa mpira wa puani, ukisafishwa kwa ml 30 za salaini. Dawa ya kapsuli ivutwe kwa bomba la dawa za kunywa, liandikwe “SI YA MSHIPANI”; ikiingizwa kwenye dripu huweza kuua. Asinywe juisi ya balungi, na mfamasia aambiwe kama anatumia fenitoini (dawa ya degedege), maana hupunguza nguvu ya nimodipini. Usishangae picha ikionyesha ateri bado zimebana: nimodipini huboresha hali ya mgonjwa bila lazima kuzitanua ateri zinazoonekana.

Maji yasipungue mwilini. Pima yanayoingia na yanayotoka, tumia salaini ya 0.9%. Sodiamu ikishuka, kosa la kawaida ni kumnyima maji. Mgonjwa huyu mara nyingi anapoteza chumvi na maji pamoja kwenye mkojo, na kumkausha kunaukosesha ubongo damu. Kumjaza maji kupita kiasi “kwa kinga” nako hakusaidii, mapafu ndiyo yanayolipa.

Kila saa moja au mbili pima GCS (alama za kiwango cha fahamu), msemeshe, kisha mwambie anyooshe mikono mbele, viganja juu, macho yamefumbwa, kwa sekunde 10. Mkono unaozama polepole huku kiganja kikigeuka ndani ni dalili, hata kama yeye anasema hajambo. GCS ikishuka kwa alama 2, au udhaifu mpya ukitokea, ita daktari papo hapo. Kigezo cha vitabuni kinataka hali idumu saa moja. Hicho ni cha utafiti, si cha kusubiria kitandani. Kama kuna Dopla ya kichwa (kipimo cha kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti), kasi ya wastani ya damu kwenye ateri ya kati ya ubongo inayopita sm 120 kwa sekunde inatia shaka, na ikipita 200 ateri imebana vibaya.

Kabla ya kuilaumu ateri, pima sukari, sodiamu na joto, angalia kama kuna degedege, na apelekwe kupigwa picha ya CT ya kichwa: huenda maji yamejaa ubongoni au damu imevuja tena. Hayo yote yakiondolewa, na aneurizimu ikiwa imezibwa, ndipo daktari hupandisha presha kwa noradrenalini huku mkipima upya nguvu ya mkono kila hatua. Isipozibwa, kupandisha presha ni kualika mpasuko wa pili.