Kuonyesha uhifadhi wa tungamo kwa mmenyuko wa mashapo

Wanafunzi wengi, wanapoona unga mweupe (mashapo) ukitokea ndani ya maji maangavu, huamini kwamba tungamo, yaani kiasi cha maada, limeongezeka, kwa kuwa kitu kigumu hakikuwapo awali. Dhana hiyo haiondoki kwa maneno, bali kwa mizani, inayoonyesha kwamba tungamo la vitu vyote ni lile lile kabla na baada ya mmenyuko, yaani badiliko la kikemia.

Kwanza, yeyusha gramu 1.11 za kalsiamu kloraidi kavu katika mililita 25 za maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), ndani ya chupa ya maabara yenye umbo la koni. Ipime upesi, kwani hufyonza unyevu wa hewani. Kisha yeyusha gramu 1.06 za sodiamu kaboneti kavu katika mililita 10 za maji, uzitie kwenye neli ndogo. Usitumie soda ya kuokea wala magadi ya Ziwa Natron: vyote vina haidrojeni kaboneti, ambayo hapa hutoa gesi inayoweza kusukuma kizibo.

Pili, ifunge neli kwa uzi, ishushe wima ndani ya chupa bila kumwaga hata tone, halafu bana ncha ya uzi kwa kizibo cha mpira. Futa chupa kwa nje, ipime kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01, na uandike namba hiyo kabla ya kuendelea. Nasisitiza hili, kwa sababu aliyekwisha kuona mashapo huelekea kusoma anachokitarajia.

Tatu, inamisha chupa. Vimiminika vinapokutana hutokea wingu zito kama tui la nazi, ambalo baada ya muda huwa chembechembe na kutuama. Subiri chupa ifikie joto la chumba, kisha pima tena bila kugusa kizibo. Mwanakemia Hans Landolt, aliyechunguza suala hili jijini Berlin kwa vyombo vya kioo vilivyozibwa kabisa, alibaini kwamba joto la mmenyuko pekee huweza kupotosha vipimo. Tofauti ya gramu 0.01 ni ya mizani. Ikizidi, kagua kizibo na jasho la vidole.

Hesabu inakubaliana: 1.11 na 1.06 ni 2.17, nayo mazao ni gramu 1.00 ya kalsiamu kaboneti na 1.17 za chumvi ya mezani. Anayechuja na kupima unga peke yake hudhani zaidi ya nusu imepotea, kumbe chumvi imo majini. Vukiza maji yaliyochujika kwa moto mdogo, nayo itabaki kwenye bakuli.