Kupigia mstari maneno kwenye kompyuta: kuanzia YAH mpaka jumla kuu

Hapa kwangu Morogoro, kwenye steshenari, kazi kubwa ya kutwa ni barua: maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, mikataba ya kupangisha nyumba, mihtasari ya vikao vya vikundi. Barua ya kiofisi ina mstari mmoja ambao mteja hakubali ukosekane, nao ni ule wa chini ya YAH. Desturi hiyo ni kongwe kuliko kompyuta. Sisi tuliosomea uhazili kwa mashine ya taipu hatukuwa na herufi nene wala za mlalo. Ukitaka kichwa cha barua kionekane, unakiandika kwa herufi kubwa, unarudi nyuma mpaka mwanzo wake, unapitisha mstari chini kwa kugonga kitufe kimoja hichohicho mpaka umalize. Mashine zimeondoka, mstari umebaki.

Anayekuja kujifunza kwangu namwambia kwanza ajue anataka mstari gani. Upo mstari wa maneno, ulioshikamana na herufi: ukiyahamisha unahama nayo, ukiyafuta unafutika. Upo mstari wa mahali, unaokaa palepale hata kama hapajaandikwa kitu, kama ule wa kusainia. Na upo mstari wa programu, ambao hukuuomba, umejitokeza tu. Matatizo mengi ninayoletewa kwenye flashi ni ya mtu aliyetumia mmoja pale alipohitaji mwingine.

Mstari wa maneno ndio mwepesi. Kwenye Word, chagua maneno kwa mausi, kisha bonyeza Ctrl na U kwa pamoja. Ukirudia, unaondoka. Wenye kompyuta za Mac watumie Command badala ya Ctrl. Waweza pia kuanza na mstari kabla ya maneno: bonyeza Ctrl+U, andika YAH: MAOMBI YA KAZI YA UDEREVA, bonyeza Ctrl+U tena, ndipo Enter. Ukiiruka hiyo ya pili, barua yote itapigiwa mstari mpaka kwenye jina lako.

Ctrl+Shift+W hupigia maneno tu na kuruka nafasi zilizo kati yake. Ctrl+Shift+D huweka mistari miwili. Ukibonyeza Ctrl+D linafunguka dirisha la Font, na kwenye Underline style utakuta mistari ya nukta, ya mawimbi, minene na myembamba, pamoja na rangi zake. Rangi nakushauri uziache. Barua yako itatolewa kopi kwenye mashine ya rangi nyeusi, na mstari uliolipia wino mwekundu utatoka kijivu.

Mimi mstari nauweka kwenye kichwa cha barua, basi. Herufi kubwa hazina mikia, ndiyo maana zinapatana nao. Andika neno mpangaji kwa herufi ndogo, ulipigie mstari, kisha ulitazame kwa karibu: p, g na j zote zimekatwa, na mzee mwenye miwani atalisoma kwa kubahatisha. Ndani ya barua, neno la kukazia lipe herufi nene peke yake. Herufi kubwa, nene, zenye mstari na zilizolala, zote kwenye sentensi moja, ni kumfokea mkurugenzi unayemwomba kazi.

Sasa mstari wa mahali, na hapa ndipo watu wanapoteza muda. Mkataba wa nyumba unataka jina la mpangaji, simu, sahihi, shahidi. Wengi hushikilia Shift na kitufe cha kistari, wakauacha mstari ukimbie mpaka ufike kwa kukadiria kwa jicho. Ukiprinti, miisho yake inapishana, mmoja umetoka nje, mwingine umeishia njiani. Na anayetaka kujaza kwenye kompyuta, kila herufi anayoandika inausukuma mstari mbele, mpaka nusu yake inaangukia chini.

Fanya hivi. Weka kishale pale utakapoandika Jina la mpangaji. Bofya kulia, chagua Paragraph, halafu bonyeza kitufe cha Tabs kilicho chini upande wa kushoto. Kwenye kisanduku cha juu andika 15.9 cm. Huo ndio upana unaobaki kwenye karatasi ya A4 yenye sentimeta 21 ukitoa pambizo za 2.54 kila upande. Kama pambizo zako ni tofauti, piga hesabu upya. Kwenye Alignment chagua Right, kwenye Leader chagua namba 4, bonyeza Set, kisha OK. Sasa andika Jina la mpangaji: na ubonyeze Tab mara moja. Mstari unakwenda wenyewe mpaka ukingoni na kusimama. Bonyeza Enter, andika Sahihi:, Tab tena, nao utaishia sawa kabisa na wa juu yake. Anayependa nukta badala ya mstari achague Leader namba 2.

Ukitaka jina na simu vikae mstari mmoja, ongeza kituo kingine, yaani mahali pengine pa Tab kusimama, kwa njia ileile, tuseme kwenye 9 cm. Andika Jina:, Tab, Simu:, Tab.

Njia hiyo ni ya fomu itakayojazwa kwa kalamu. Ya kujazwa kwenye kompyuta itengenezee jedwali la safu mbili: kushoto swali, kulia jibu. Ondoa mipaka yote, kisha kwenye visanduku vya kulia rudisha Bottom Border peke yake. Mtu ataandika jina refu kadiri apendavyo na mstari hautasogea.

Mistari ya programu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Umeandika vistari vitatu, ukabonyeza Enter, ghafla mstari umekata ukurasa kutoka upande huu hadi ule. Unajaribu kuuchagua, hauchaguliki. Unajaribu kuufuta, haufutiki. Huo ni mpaka wa aya iliyo juu yake. Ukiuona papo hapo, Ctrl+Z inauondoa na kukurudishia vistari vyako. Ukiukuta baadaye, weka kishale kwenye aya iliyo juu ya mstari, nenda Home, fungua Borders, chagua No Border. Lakini usiuchukie sana. Alama tatu za sawasawa na Enter hutoa mistari miwili, nami ndiyo ninayoitumia chini ya jina la kikundi kwenye karatasi zao za barua.

“Dada, nitolee haya mawimbi mekundu.” Hilo nalisikia kutwa. Kiswahili safi kabisa, lakini Word imewekewa Kiingereza na inaona kila neno limekosewa. Mawimbi hayo hayatoki kwenye printa, kwa hiyo mwenye haraka ayaache. Kama yanakukera, bonyeza Ctrl+A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, uweke tiki kwenye Do not check spelling or grammar.

Usiyachanganye na mistari ya rangi ambayo mwanafunzi anaikuta kwenye tasnifu iliyorudi kwa msimamizi. Hiyo inaprintiwa, na Ctrl+U haiigusi, kwa sababu ni alama za marekebisho: maneno yaliyopigiwa mstari yameongezwa na msimamizi, yaliyokatwa kati ameyaondoa. Yasome kwanza. Ukikubaliana nayo, nenda Review, fungua Accept, chagua Accept All Changes. Kuna wanaokubali yote bila kusoma, kisha wanashangaa sura ya tatu imepungua.

Barua pepe kwenye wasifu hugeuka bluu na kupata mstari mara tu unapobonyeza nafasi. Ctrl+Z hapo hapo, au bofya kulia na uchague Remove Hyperlink. Aliyenakili kurasa nzima za intaneti zenye viungo vingi achague sehemu hiyo, kisha abonyeze Ctrl+Shift+F9, vyote vitakuwa maneno ya kawaida. Achague sehemu hiyo tu lakini, maana amri hiyo hugandisha hata orodha ya yaliyomo, isijisasishe tena.

Kwenye Excel Ctrl+U inafanya kazi, ila kwa hesabu haipendezi: chini ya 5,000 unapata mstari mfupi na chini ya 1,250,000 mrefu. Mweka hazina anataka mstari mmoja juu ya jumla na miwili chini yake, yote yenye upana wa safu. Chagua kisanduku cha jumla kuu, fungua Borders, chagua Top and Double Bottom Border, umemaliza. Angalia pia kidole kisiteleze: Ctrl+4 hupiga mstari chini ya tarakimu, Ctrl+5 huikata katikati, na pesa ya watu iliyokatwa katikati italeta maswali kikaoni.

LibreOffice inaelewa Ctrl+U vilevile, ila Ctrl+D ya kwenye Writer, programu yake ya kuandikia, inaweka mistari miwili badala ya kufungua dirisha la fonti. Google Docs inakupa mstari mmoja tu. Miwili hutaipata kwenye menyu zake. Ukiwa unaandika barua pepe ya Gmail, hakikisha kishale kiko ndani ya barua. Kikiwa nje, Ctrl+U hufungua ukurasa uliojaa alama na herufi za ajabu, na watu hudhani kirusi kimeingia. Huo ni msimbo, yaani maandishi ya kiprogramu yaliyoujenga ukurasa wenyewe, ufunge uendelee.

WhatsApp haina mstari wa chini kabisa. Ukizungushia neno alama ya _ kushoto na kulia, linalala, nyota hulinenepesha. Tangazo la msiba au la kikao litumie nyota.

Kwa wanaotengeneza mabango kwenye Photoshop, ni Ctrl+Shift+U, na maneno yawe yamechaguliwa kwa kifaa cha maandishi. Kama umechagua picha badala ya maneno, vitufe hivyo hivyo vinaifuta rangi zote, bibi harusi anabaki wa kijivu. Ctrl+Z itamrudisha.

Kwenye PDF, Adobe Reader inakuruhusu kuchagua maneno, kubofya kulia na kuyapigia mstari kama maoni. Maneno yakikataa kuchaguliwa, ujue karatasi ilipigwa skani na unachokiona ni picha. Hapo chora mstari kwa zana za kuchorea zilizo kwenye sehemu ya maoni, au iprinti utumie rula.