Kurudisha vitabu rafuni bila kuvipoteza

Kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake ni sawa na kilichoibwa: katalogi ya maktaba inasema kipo, msomaji hakioni. Kabla ya yote, kitabu kikirudishwa, kipokee kwenye kompyuta. Ukiruka hatua hii, kitaendelea kuhesabiwa kwa aliyekiazima, naye atadaiwa faini bure.

Kisha pekua kurasa upesi (risiti, picha, hata pesa husahaulika humo). Chenye unyevu au ukungu kitenge, maana ukungu huenea kwa vitabu jirani.

Panga vitabu kwenye toroli kwanza, si mbele ya rafu. Makosa mengi hutokea kwenye namba za Dewey (namba za mgongoni zinazopanga vitabu kwa mada), baada ya nukta: 641.35 hutangulia 641.5, kwa sababu tarakimu husomwa moja moja. Linganisha 3 na 5; hiyo si "thelathini na tano". Namba zikilingana, fuata herufi za mwandishi.

Usijaze rafu pomoni. Acha kama robo wazi. Vitabu vilivyobanana huvutwa kwa ncha ya juu ya mgongo, na hapo ndipo jalada hung'oka. Ukishapachika kitabu, soma namba za majirani wake wawili, kushoto na kulia.